Aliyetembea Kushoto Kwangu

Lodwar, siku moja kabla hujaenda Kenya

Akiru mwanangu,

Umetoka sasa hivi kwenda kuwaaga wenzako. Nimesikia geti la mabati likijigonga, nami nimekimbilia meza kama mtoto anayeiba sukari. Ni asubuhi, upepo bado una ubaridi kidogo, na unajua macho yangu ni ya asubuhi. Jua likishakaa juu ya bati, kichwa kinachemka na hata kile kipande ninachokiona kinaingia ukungu. Basi nitaandika sasa, mchana nitalala na kitambaa kibichi usoni, jioni nitamalizia. Ukiona mwandiko umebadilika katikati, usidhani nimemwita mtu aniandikie.

Na usicheke mistari yangu. Nimelaza ile rula nyekundu upande wa kushoto wa karatasi kama tulivyofundishwa, na kila nikimaliza mstari najilazimisha kurudi, kurudi, mpaka niione nyekundu. Mara nyingine nachoka kuitafuta, naanzia katikati. Mimi niliyekuwa nawakaripia watoto kwa kuacha nafasi pembeni!

Sitakuandikia habari za sweta, sabuni, wala namna ya kuishi na wenzako chumbani. Habari za sweta shangazi zako wamezisema mpaka nikakuonea huruma. Kila mtu hapa aliyewahi kuvuka Kainuk akaenda Kenya, kama tunavyopaita kote nje ya Turkana, akalala Kitale usiku mmoja, amerudi bingwa wa baridi. Waache waseme. Uuguzi utafundishwa na walimu wako, na maisha ya hosteli utafundishwa na hosteli yenyewe.

Mimi nataka kusema juu ya juzi. Juzi nilikuta begi lako liko wazi na nguo zimerudi rafuni, zimekunjwa vizuri kama mtu ambaye hana safari. Nilipokuuliza ulisema, "Mama, hata mwaka ujao watachukua wanafunzi." Ni maneno yale yale uliyoniambia mwaka jana, na mwaka jana nilinyamaza, nafasi ikaenda. Safari hii sikunyamaza. Nilikuambia sikukuzaa uwe fimbo yangu, nawe ukalia, ukasema, "Nani atasimama kushoto?" Begi umelipanga tena lakini umelipanga kwa hasira, na baba yako yuko Kapedo anatengeneza pampu zake za maji, hawezi kutuamua. Naogopa kesho asubuhi utafika steji ya mabasi, utautazama mkono wangu wenye bandeji, na utageuza njia turudi nyumbani. Ndiyo sababu naandika. Swali lako lilikuwa zuri, na nimelala nalo siku mbili.

Acha nianzie mbali kidogo. Nikizeeka nitakuwa mtu wa kusimulia Kakuma tu, utanivumilia.

Unaikumbuka nyumba yetu ya Kakuma? Ile ya bati iliyokuwa karibu na laga ya Tarach, ule mto wa msimu, ambapo mchana mchanga ulikuwa unaunguza nyayo, halafu jioni bila wingu hata moja juu yetu tunasikia laga inanguruma, kumbe imenyesha huko milimani upande wa Uganda. Mlikuwa mnatoka mbio nyote kwenda kuangalia maji, watoto wa Kiturkana, wa Kisomali, wa Sudani Kusini, mnapiga kelele za lugha zote. Pale njia inapokata kuingia kambi ya wakimbizi alikaa Mama Furaha, aliyetoka Kongo, na sufuria yake ya mandazi. Ulijifunza Kiswahili chake kabla ya changu. Ulikuwa unakuja nyumbani unaniambia, "Mama, niko nasikia njaa," nami mwalimu wa Kiswahili nakusahihisha, na kesho yake unarudi nayo vile vile. Sasa natamani nikusikie ukisema hivyo hata mara moja. Tulikuwa na kitanda kimoja kikubwa na redio, na chai ya maziwa yenye sukari ya kutosha kusimamisha kijiko, na sikujua kwamba nina furaha. Nilidhani niko katikati ya shida.

Mwanzo ilikuwa ganzi ya miguu, nikasema ni kusimama darasani. Kisha ukaja muhula ambao niliamini watoto waliokaa upande wa madirishani wamekuwa wavivu. Hawanyooshi mikono. Nauliza swali, mikono ni ya upande wa mlangoni tu. Niliwasema sana wale wa madirishani, nikawasifu wenzao, na kumbe mikono yao ilikuwa juu imechoka. Darasa lote likaamini mwalimu ana wapendwa wake.

Halafu siku moja Mama Furaha akanishika kanga. "Mwalimu, niko nakusalimia kila siku, na weye uko unanipita tu. Nilikukosea nini?"

"Sijakuona, Mama Furaha."

"Haukuniona? Na vile niko munene hivi?"

Nilicheka, yeye hakucheka.

Watu wakisikia nusu ya kuona imepotea wanafikiri mtu anaona giza upande mmoja, kama pazia jeusi. Laiti ingekuwa pazia, ningejua siku ya kwanza. Mwanangu, jaribu kuangalia kilichoko nyuma ya kisogo chako sasa hivi. Unaona nini? Huoni weusi. Huoni kitu, na wala hujui kwamba huoni. Kushoto kwangu kulikuwa hivyo. Dunia yangu ilikuwa nzima, haina pengo, ila watu walikuwa wamepungua na mimi sikuhesabu.

Ndipo akaja Ata, nyanya yako mzaa baba. Alitoka upande wa Nadapal, amepanda lori, amekuletea kibuyu cha maziwa ya mgando. Alifika mchana, akatandika ngozi yake kivulini karibu na mlango, upande wa kushoto wa mtu anayeingia, akakaa kungoja asalimiwe na mke wa mwanawe. Siku hiyo bomba lilikuwa na maji, nami nilikuwa nabeba madumu. Nikaingia. Nikatoka. Nikaingia tena naimba. Wewe unajua hapa kwetu mtu hapiti mwenzake hivi hivi. Hata adui unamsalimia ejok kwanza ndipo mgombane. Na huyu hakuwa adui, alikuwa mama wa mume wangu, kwenye mlango wangu, na kibuyu mapajani. Jua lilipogeuka aliinuka, akakiacha kibuyu, akaenda kulala kwa jamaa zake.

Jioni wakaja wadogo zake baba yako. Hawakutaka hata chai.

"Mwalimu amesoma mpaka wazee hawaonekani tena, hata mama yetu," akasema yule mrefu.

"Mama hakufika hapa leo," nikasema. "Nimekuwa hapa mchana wote."

"Amefika, amekaa, umemruka kama gogo."

"Hakufika!"

Ukatokea wewe mlangoni, uko darasa la tatu, una mchanga mpaka kwenye nyusi. Ukasema taratibu, "Mama, Ata alikuwa hapa. Ulimpita. Mimi nilidhani mmekosana." Na mimi, mbele ya watu wazima, nikasema, "Huyu mtoto siku hizi amekuwa mwongo." Hukulia. Ulikwenda nyuma ya mlango ukaleta kibuyu, ukakiweka katikati yetu. Kilikuwa bado kina maziwa.

Hilo tumelizungumza, umeshanisamehe mara kadhaa na hata umelitumia kunitania. Silirudishi ili unisamehe tena. Nalirudisha kwa sababu jioni ile sikuwa nadanganya hata chembe. Ningeapa kanisani. Nimeishi muda mrefu na jambo hilo, kwamba nilikuwa na uhakika wote na mtoto mdogo ndiye aliyekuwa ameona. Tangu siku ile nikisikia nafsi yangu inasema "nina hakika", nanyamaza kwanza nitazame nani amesimama mlangoni. Wodini utakutana na watu wenye hakika kubwa, wengine watakuwa wakubwa zako kazini, na siku nyingine utakuwa wewe mwenyewe.

Baada ya hapo nikakubali kwamba nina shida ya macho, na hapo tena nikakosea kama tunavyokosea sote hapa. Kwetu jicho likiumwa ni vumbi na nzi, basi. Kila boma lina bibi ambaye kope zake zimegeukia ndani. Nikasema na mimi imenifikia trakoma. Nikanunua matone sokoni, nikaosha macho kwa maji ya chumvi, nikapakwa utomvu wa mti sijui gani ulioniliza siku mbili. Walipokuja madaktari wa macho nikapanga foleni na wale mabibi, nimefunga leso usoni kama wao, natamani hata nikatwe kope nipone. Nesi akanigeuza kope juu na chini. "Mwalimu, kope zako safi kabisa." Kisha akanifunika jicho moja, akawa anachezesha kidole pembeni.

"Unakiona?"

"Kidole kipi?"

Akafunika jicho la pili. "Sasa?"

"Wewe weka kidole basi nikione!"

Akanitazama kwa upole ulionitia hofu. Mimi nilikuwa nimeamini ni jicho la kushoto ndilo bovu. Akanieleza kwamba macho yote mawili ni mazima, na yote mawili yamepoteza upande ule ule mmoja, kwa hiyo shida haiko machoni, iko nyuma zaidi, ndani ya kichwa. Nilikasirika. Foleni ya siku nzima juani, naambiwa siumwi pale ninapoumwa!

Eldoret nilipigwa picha ya kichwa ndani ya mashine iliyokuwa inagonga kama mafundi wa mabati. Daktari akatuwekea picha ukutani mimi na baba yako. Ubongo wangu ulikuwa na madoa meupe, kama mtu amekung'utia ubaoni dasta yenye chaki. Wanauita ugonjwa huo MS. Alisema kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na wadudu, imegeuka inashambulia ngozi nyembamba inayofunika mishipa ya fahamu, na kila inaposhambulia inaacha kovu. Doa moja limekaa juu ya njia inayopitisha picha za upande wa kushoto. Macho yanaona, yanatuma, na zile za kushoto hazifiki. Akasema pia joto halileti ugonjwa wenyewe ila linazichochea dalili, na kwamba ingefaa niishi mahali penye baridi. Akauliza tunaishi wapi. Baba yako akamwambia. Daktari akavua miwani akaipangusa, na mimi nikacheka mpaka nikatoka machozi. Mtu aliyezaliwa Kerio, akakulia kwenye samaki wa kukaushwa juani, anaambiwa ahamie baridini!

Nilicheka, ndiyo. Usiku nililia, na baba yako alinishika mguu wenye ganzi nisiousikia akaushika tu.

Aliyenitia adabu ni Ata. Baba yako alimwendea kumweleza, na mimi nilijua hawezi, maana hata mimi sikuwa nimeelewa vizuri. Akasimulia picha, mishipa, madoa. Ata anatafuna tumbaku. Alipomaliza akauliza, "Akitembea anagonga miti ya upande mmoja tu?"

"Ndiyo, mama."

"Na macho hayana tongotongo?"

"Hayana."

"Basi ana ugonjwa wa mbuzi anayezunguka. Kichwa ndicho kinaumwa. Mbona hamkusema tangu mwanzo?"

Nimesoma, nimefundisha, nimeingizwa kwenye mashine, nikaishia kuwa mbuzi. Baba yako akamuuliza mbuzi wa namna hiyo hufanywa nini. Ata akasema huchinjwa kabla hajakonda. Alipouona uso wa mwanawe akacheka, akaongeza kwamba akiwa ni wa maziwa mengi haachwi afe, anatembezwa na mwanawe ubavuni, upande usioona, asije akapotea. Wakachinja mbuzi mwingine, yule asiye na kosa, wakatupaka mimi na wewe majani mabichi ya tumboni mwake, kifuani na kwenye paji la uso, ndiyo baraka yetu. Kisha Ata akakushika bega akakusimamisha kushoto kwangu. Kumbuka alivyosema: "Hapa ndipo kazi yako."

Nalala sasa. Bati limeanza kulia kwa jua.

Nimeamka. Umerudi, umekula, umetoka tena kwenda kwa shangazi yako, hukuuliza kwa nini meza ina karatasi. Asante kwa kutouliza. Jua limeshuka, mwandiko ni huu.

Nataka nikumbuke mazuri kidogo kwanza, maana yalikuwepo. Tulivyokuwa tunatembea Kakuma, na baadaye tulipohamia huku Lodwar! Sauti yako chini chini, usifungue mdomo sana: "Kushoto, Mama Furaha." Nageuka, "Mama Furaha, habari ya asubuhi!" "Kushoto, mzee wa kanisa." Nageuka, nasalimia. Watu wakasema mwalimu amerudi, ugonjwa umemtoa kiburi. Na wewe shetani mdogo, siku ile karibu na daraja, ukaninong'oneza, "Kushoto, chifu, yuko na wageni." Nikajiweka sawa leso, nikageuka kwa heshima zote: "Ejok-noi, mzee!" Punda watatu wa maji. Wakanitazama. Ulikaa chini barabarani ukicheka, nami nikakutafuta nikuchape, na kwa vile ulikuwa umekaa kushoto sikukupata. Nikifa, simulieni hiyo.

Nilipenda kutembea nawe. Sijui kama nimewahi kukuambia wazi, basi nakuambia. Ilikuwa sehemu nzuri ya kila siku yangu, na kwa sababu ilikuwa nzuri sikuuliza inakugharimu nini. Wenzako walikuwa wanacheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, wewe unanipeleka kliniki. Wenzako walikwenda kwaya Lokichoggio, wewe ulibaki kwa kuwa nilikuwa nimechomwa dripu siku hizo na miguu haina nguvu. Ulikuwa huniombi ruhusa, ulikuwa unajinyima mwenyewe kabla sijasikia. Nami nikawa nawaambia watu, "Akiru ni mtoto mwenye moyo." Nilikuwa najisifia kitu nilichokuwa nakula.

Sasa swali lako, nani atasimama kushoto.

Wiki iliyopita ulipokwenda Kakuma kumuaga Mama Furaha, uliniachia amri nisitoke. Nilitoka. Nilikwenda soko peke yangu, asubuhi na mapema, bila kumwambia mtu. Mtaalamu mmoja wa mazoezi kule Eldoret alinifundisha zamani: peleka macho kushoto kwanza, uyapeleke mbali kuliko unavyodhani inatosha, kisha rudisha, ndipo upige hatua. Nilikuwa nimejifunza na sikuwahi kufanya, kwa nini nifanye wakati ulikuwepo? Shingo iliniuma kama niliyebeba ndoo mbili. Niligonga mkokoteni wa kijana fulani, nyanya zake zikaruka.

"Mathe, si ucheki mbele!"

"Mbele nacheki. Kushoto ndiko sina."

"Huna kushoto aje?"

Nikamweleza pale pale, kati ya nyanya. Akanisikiliza, akasema, "Zii, hiyo ni noma. Poa, mathe, pita, nitaokota." Mbele kidogo yule mama wa samaki akaniona. "Mwalimu! Leo mtoto yako iko wapi?" Nikamwambia uko Kakuma. "Na wewe umetembea pekee yako? Akuj!" Akamwita Mungu hivyo mara mbili, akanipa kiti. Watu walinisalimia wakiwa kushoto na wengine nikawapita. Wengine wakanifuata, wakanigusa mkono, wakasema, "Mwalimu, niko hapa." Sikujua wanajua. Kumbe mji mzima ulikuwa unajua, ulikuwa unakuachia wewe kazi kwa sababu ulikuwepo. Nilirudi nyumbani na samaki wawili na mchubuko mpya kwenye ugoko, nikakaa jikoni nikalia kwa furaha.

Halafu ulirudi, na siku ile ile ya kurudi kwako ndipo nikaungua mkono. Umelifikiria hilo? Siku zile ulipokuwa hupo sikuungua. Niliungua uliposimama jikoni, kwa sababu nilikusikia umeingia, na shingo yangu ikaacha kazi. Nikawa nangoja useme "Mama, birika." Nawe ulikuwa kwenye simu, una haki ya kuwa kwenye simu. Nikapeleka mkono. Sikulaumu wewe wala birika. Nakuambia tu ilivyotokea, maana umeitazama bandeji hii kama hati ya kukuzuia kwenda, na mimi ninavyoiona ni kinyume chake. Ukibaki mwaka mwingine nitasahau kugeuza shingo kabisa.

Sitakudanganya kwamba siogopi. Naogopa. Ugonjwa huu una tabia ya kulala na kuamka, na sijui utaamka lini wala utachukua nini. Huenda ukagusa upande wa kulia. Huenda ukachukua miguu. Nikiwaza hivyo usiku, nataka kukuita chumbani kwako ulale na mimi kama tulivyolala Kakuma. Nisiposema hili utafikiri nakufukuza kwa sababu nina nguvu. Sina nguvu nyingi. Nina hamu uende, na hamu hiyo ni kubwa kuliko hofu, ila si kubwa sana. Baba yako ataacha safari za mbali mpaka mwisho wa mwaka, ameniahidi. Ikiwa mbaya nitakuita, nakuapia nitakuita, sitajifanya shujaa. Ikiwa mbaya kidogo tu, sitakuita.

Utakapokuwa nesi, atakuja mtu anayejigonga milangoni, na mke wake analalamika kwamba mumewe ana dharau. Mfunike jicho moja, chezesha kidole pembeni, kisha funika la pili. Basi, hilo moja tu ndilo nililojipa ruhusa ya kukufundisha.

Jua linazama na nina jambo moja limebaki. Jana ulisimama uani ukijaribu lile gauni alilokuletea shangazi yako. Nilikaa kwenye kiti, nikageuza kichwa chote nikakutazama. Nilishtuka. Una mabega ya mtu mzima. Umenipita urefu. Nikajiuliza, haya yametokea lini na mimi nilikuwa wapi? Nilikuwa nawe. Kila siku nilikuwa nawe barabarani, na yote yametokea kushoto kwangu. Nyumbani nilikuona, ukila, ukiumwa, ukisoma. Lakini njiani, pale mtoto anaporefuka na kupata mwendo wake, mimi nilisikia viatu tu na sauti. Akiru, sijui unavyotembea. Wauzaji wa mkaa wanajua. Mama wa samaki anajua. Mimi niliyekuzaa sijawahi kukuona ukienda.

Kwa hiyo kesho tukifika steji usije kushoto. Niache na shingo yangu. Pita kulia, chukua begi, uende mpaka kwenye basi taratibu, usigeuke nyuma hata nikiita. Nitakuwa nakutazama.

Mama yako